Kondoa baada ya 1979: mifugo iliondoka, lakini ni nini hasa kilichoponya vilima?

Mwaka 1979 Serikali ya Tanzania iliamuru mifugo yote itoke kwenye vilima vya Irangi, wilayani Kondoa. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wapatao 90,000 waliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256, na hakuna kaya iliyoruhusiwa kubaki hata na mbuzi wa kufunga kamba. Haikupita miaka mingi, miteremko iliyokuwa myekundu kwa udongo mtupu ikaanza kufunikwa na majani.

Tangu hapo kisa hiki kinatajwa na pande mbili. Wanaoamini kwamba ng'ombe ni adui wa ardhi wanakitoa kama ushahidi wao mkuu. Wanaowatetea wafugaji wanakitoa kama mfano wa amri ya juu isiyojali riziki ya watu. Pande zote mbili zina ukweli, ila zote zinakipita juu juu. Nikiutazama ushahidi wa Kondoa kwa utulivu, naona jambo mahususi zaidi: nyasi za vilimani zilikuwa zinakufa kwa sababu ziliumwa kila siku katika miezi ileile zilipokuwa zinajaribu kukua, na mpangilio mzima wa kilimo na ufugaji ndio uliozielekezea mzigo huo. Wingi wa mifugo ulikuwa sehemu tu ya tatizo.

Vilima vya Irangi viko kaskazini mwa mkoa wa Dodoma, kandokando ya barabara iendayo Babati. Sehemu kubwa iko juu ya mita 1,500. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, kwa kawaida kati ya milimita 600 na 900 kwa mwaka, tena nyingi hushuka kwa kishindo ndani ya saa chache. Miezi inayobaki ni kiangazi. Warangi ni wakulima wanaofuga: mahindi, mtama na uwele shambani, na mifugo kwa maziwa, samadi, mahari, akiba na nguvu ya kukokota jembe. Nyanda za chini zinazovizunguka vilima zilikuwa na mbung'o kwa muda mrefu, hivyo watu na mifugo wakabanana juu.

Mmomonyoko haukuanza kushtua watu katika miaka ya 1970. Serikali ya kikoloni ilikwishahangaika nao miongo kadhaa kabla, kwa kuwalazimisha watu kuchimba makinga maji, kupunguza mifugo na kuacha baadhi ya maeneo. Kazi hiyo ilichukiwa, na uhuru ulipofika ikaachwa. Mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa fedha za Sweden. Miaka ya kwanza HADO ilishughulikia maji na miti: ilichimba makinga maji kwa mitambo, ikaziba makorongo, ikapanda miche. Lakini mifugo iliendelea kupita humohumo, ikikanyaga matuta na kula miche. Uamuzi wa 1979 ulitokana na kukwama huko.

Turudi kwenye ile idadi. Mifugo 90,000 kwenye kilomita za mraba 1,256 ni kama mifugo 72 kwa kila kilomita ya mraba, yaani mnyama mmoja kwa karibu hekta moja na nusu, wakiwamo mbuzi na kondoo ambao hula kidogo kuliko ng'ombe. Kwa karatasi, hesabu hiyo haitishi sana. Tatizo ni kwamba mifugo haikuwahi kuwa na eneo lote hilo kwa wakati mmoja. Mvua ikinyesha, mabonde na ardhi tambarare hugeuka mashamba. Mnyama akiingia kwenye mahindi ni kesi. Kwa hiyo kuanzia Desemba mifugo yote husukumwa kwenye kilichobaki: miteremko mikali, vilele vyenye mawe, kingo za makorongo na vichochoro vya kupitia. Baada ya mavuno hushuka mashambani kula mabua. Maana yake ni kwamba mteremko ulibeba mzigo wake mkubwa kabisa katika miezi ya mvua, wakati nyasi ndiyo kwanza inatoa jani, na ukapata nafuu wakati wa kiangazi, nyasi ikiwa imelala na haina cha kufanya na nafuu hiyo.

Nyasi ya kudumu huanza msimu kwa mkopo. Majani ya kwanza hutengenezwa kwa akiba iliyohifadhiwa kwenye mizizi na kitako cha shina, na deni hilo hulipwa pale majani yanapokaa juani kwa wiki kadhaa. Nyasi inastahimili kuumwa. Sehemu yake ya kukulia iko chini, karibu na udongo, na mara nyingi kuumwa mara moja kisha kuachwa huifanya itoe machipukizi mapya. Kinachoimaliza ni kuumwa Jumatatu, kuchipua, na kuumwa tena kabla wiki haijaisha, msimu mzima, miaka mfululizo. Kila mara inakopa juu ya deni. Mizizi hufupika. Mmea wenye mizizi mifupi hauvumilii hata wiki mbili za jua kali katikati ya msimu, zile za Januari au Februari ambazo kila mkulima wa Kondoa anazijua, na hapo hufa mmea ambao mwaka uliotangulia ungepona.

Nafasi yake huchukuliwa na nyasi za msimu mmoja na magugu yanayowahi kutoa mbegu. Kwa mpita njia, mteremko huo bado unaonekana wa kijani mwezi wa Februari. Ila nyasi za msimu hukauka na kupotea kabla kiangazi hakijaisha, na mvua ya kwanza ya Novemba, ambayo mara nyingi ndiyo kali kuliko zote, huukuta udongo ukiwa uchi. Matone yanaupiga, chembe ndogo zinaziba vinyweleo, gamba linajifunga. Maji yanateleza juu na kuondoka na mbegu, mabaki ya majani na samadi. Kuanzia hapo mteremko unajitengenezea ukame wake wenyewe: mvua iliyonyesha ni ileile, lakini iliyoingia ardhini ni sehemu ndogo tu.

Mteremko wa namna hii unasomeka vizuri mtu akiinama. Shina la nyasi linakuwa limesimama juu ya kijilima cha udongo chenye kimo cha kidole, mizizi yake ya pembeni ikining'inia hewani. Kijilima hicho ndicho kiwango cha zamani cha ardhi. Kilichokuwa pembeni yake kimekwenda na maji. Kati ya shina na shina zimetapakaa kokoto nyeupe, zilizobaki kwa sababu maji yalishindwa kuzibeba. Ukipenyeza ncha ya kisu unakuta gamba gumu, jembamba kama ukucha, na chini yake udongo mkavu hata kama mvua ilinyesha jana. Ukiona hivyo, usihangaike kwanza kuuliza mvua ya mwaka huu ilikuwaje.

Baada ya mifugo kuondoka, mabadiliko yalifuata mpangilio ambao watafiti waliufuatilia kwa karibu. Kondoa ni kati ya maeneo yaliyochunguzwa sana katika Tanzania kavu: Wilhelm Östberg, Carl Christiansson, Claude Mung'ong'o, na Idris Kikula ambaye baadaye alikuwa makamu mkuu wa chuo wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dodoma, wote waliandika kuhusu vilima hivi, na Ingvar Backéus na wenzake walichapisha mwaka 1994 matokeo yao juu ya uoto wa miteremko iliyokuwa imelishwa kupita kiasi. Kwanza yalikuja magugu na nyasi za msimu, ambazo sasa zilibaki zimesimama hadi mvua iliyofuata. Chini ya kivuli chao udongo ulianza kupata mabaki ya majani. Zikaja nyasi za kudumu, kisha vichaka, na miti ya miombo ikaanza kunyanyuka.

Hiyo miti inastahili kutazamwa kidogo. Mingi haikutokana na mbegu wala kitalu. Visiki vyake vilikuwa hai chini ya ardhi muda wote, vikichipua kila mwaka na kila mwaka vikikatwa kwa shoka au kuliwa na mbuzi vikiwa vimefika kwenye kifundo cha mguu. Vilipoachwa misimu michache tu, vilipaa haraka, kwa sababu mizizi ilikuwa ya mti mkubwa. Mradi ulitumia fedha nyingi kwenye miche, na miche hiyo ilikuwa na kazi yake, ila sehemu kubwa ya msitu iliyorudi ilikuwa tayari imepandwa, ikisubiri kuachwa.

Mabonde nayo yalibadilika. Maji yalipoanza kuingia ardhini juu vilimani, mafuriko ya mchanga yalipungua. Mito ya mchanga, ile mipana iliyokuwa ikimeza mashamba kila masika, ilianza kubana. Kingo zikashikwa na nyasi na matete, na watu wakaanza kulima ardhi iliyokuwa mchanga mtupu. Kwa mkulima wa bonde la Haubi, hilo lilikuwa na thamani kuliko takwimu yoyote ya uoto.

Je, yote haya yanathibitisha kwamba mifugo ilipaswa kuondoka yote? Hapa ndipo naachana na wengi wanaokitaja kisa hiki. Mwaka 1979 mambo mengi yalifanyika pamoja. Mifugo ilitolewa, lakini pia kukata miti na kuchoma moto kulidhibitiwa, makinga maji yalikuwa yamechimbwa, miche imepandwa. Hakukuwa na mteremko ulioachiwa nusu ya mifugo. Hakukuwa na mteremko uliofungwa miezi ya mvua na kufunguliwa kiangazi. Kwa hiyo tunajua kwa uhakika kwamba pumziko lilifanya kazi. Kwamba pumziko fupi zaidi lisingetosha, hilo Kondoa haijalithibitisha, kwa sababu halikuwahi kujaribiwa pale.

Majaribio ya kutenganisha vitu hivi yamefanyika kwingine. Huko Laikipia nchini Kenya, tangu 1995, kuna vitalu 18 vya hekta nne kila kimoja, vilivyozungushiwa uzio kwa namna tofauti: vingine vinaingiwa na ng'ombe, vingine na wanyamapori, vingine na wote, vingine havina yeyote. Moja ya matokeo yake, yaliyochapishwa na Wilfred Odadi na wenzake mwaka 2011, ni kwamba wanyamapori walipunguza ongezeko la uzito wa ng'ombe wakati wa kiangazi lakini waliliongeza wakati wa mvua, kwa sababu waliondoa mashina makavu yaliyokuwa yakificha majani mabichi. Wanyama walewale, nyasi zilezile, matokeo tofauti kwa sababu ya majira. Kwangu hilo linatosha kumfanya mtu asite kabla ya kusema "mifugo huharibu" bila kutaja mwezi.

Tena kutokuwapo mifugo kabisa nako kuna gharama kwa nyasi. Nyasi isiyoliwa wala kuchomwa hujaa mashina makavu ya miaka iliyopita, yanayolizibia mwanga jani jipya. Vichaka hupata nafasi. Katika vilima vya Irangi kilichorudi baada ya muda kilikuwa kikielekea kuwa msitu wa miombo. Kwa udongo na kwa chemchemi hiyo ni afya, naam. Kwa mfugaji anayetafuta malisho, mteremko uliofungwa na vichaka una nyasi chache kuliko alivyotarajia. Uoto wenye afya lazima uambatane na swali: kwa kazi ipi?

Kuna jambo jingine ambalo mara nyingi huachwa: makorongo. Picha maarufu za Kondoa ni za makorongo yenye kina cha kumeza nyumba, na watu huyaona kama kazi ya ng'ombe wa karne iliyopita. Mats Eriksson na wenzake walipopima umri wa mashapo, yaani tabaka za udongo na mchanga uliosombwa na kutuama, katika vilima hivi, waligundua mmomonyoko wa zamani sana, wa zaidi ya miaka 10,000, na kipindi kingine katika miaka 900 hivi iliyopita. Ardhi hii ilikuwa na vidonda kabla ya kizazi kilicholaumiwa mwaka 1979. Na makorongo makubwa hayakupona kwa kuondoa mifugo; yaliyotulia ni maji yanayotiririka juu ya mteremko mzima, ule mmomonyoko wa kimyakimya unaochukua udongo wa juu. Tofauti hii ni muhimu kwa yeyote anayepanga kazi kama hii, kwa sababu nyasi inatibu uso wa mteremko, lakini korongo lenye kuta za udongo mtupu linahitaji kazi nyingine kabisa.

Gharama kwa watu ilikuwa kubwa, na sioni sababu ya kuizungumza kwa sauti ya chini. Mifugo haikuyeyuka. Ilipelekwa nyanda za chini kwa jamaa na marafiki, ikaongeza mzigo kwenye malisho ya wengine ambayo hakuna aliyekuwa akiyapiga picha kutoka angani. Baadhi iliuzwa wakati kila mtu anauza. Vilimani, kaya zikapoteza maziwa ya watoto. Samadi ikakoma, na mashamba ya udongo wa kichanga bila samadi huchoka upesi. Maksai wakaondoka, jembe la mkono likarudi. Faida ya mteremko wa kijani ilikwenda kwa wote, lakini hasara iligawanywa kwa kadiri mtu alivyotegemea zizi lake.

Mradi ulijaribu kurekebisha hilo mwaka 1989 kwa kuruhusu ng'ombe wa maziwa wanaolishwa bandani. Kwa waliomudu, ulikuwa msaada wa kweli: maziwa yalirudi, samadi ikapatikana mahali pamoja na rahisi kuibeba shambani. Lakini ng'ombe wa bandani anahitaji banda, ndama bora, maji ya kuchotwa, na mzigo wa majani yanayokatwa kila siku. Kaya maskini hazikuweza. Na kaya zilizoweza, aliyebeba majani na maji mara nyingi alikuwa mama. Kiekolojia mpango ulikuwa na mantiki nzuri, kwa sababu anayekata majani kwa mundu ndiye anayeamua wakati na urefu wa kukata. Kijamii ulimjibu mtu wa kati na kumwacha wa chini.

Fedha za Sweden zilipokoma katikati ya miaka ya 1990 na usimamizi ukalegea, mifugo ilianza kurudi vilimani, kidogo kidogo. Sishangai hata kidogo. Katazo lilikuwa la "hapana kabisa", bila ngazi ya katikati, hivyo siku lilipokosa wa kulisimamia hapakuwa na kanuni ya kuangukia. Mtu aliyerudisha ng'ombe wawili na aliyerudisha ishirini wote walikuwa wavunja sheria sawa, na hakuna mkutano wa kijiji uliokuwa umezoea kujadili kilima kipi kifungwe mwezi gani.

Linganisha na Shinyanga. Wasukuma walikuwa na ngitili: kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikikolea, kwa ajili ya ng'ombe waliodhoofu, ndama na maksai wa kulimia. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, ulijenga juu ya desturi hiyo. Ngitili zikaenea tena kwenye vijiji vingi vya mkoa, za kaya na za jumuiya, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Tazama ngitili inafanya nini kwa nyasi: inaupa mmea ule muda wa kulipa deni lake, Desemba hadi Mei, halafu inauruhusu uliwe ukiwa umelala, wakati kuliwa hakuugharimu sana. Ni kinyume kabisa cha jinsi miteremko ya Irangi ilivyokuwa ikitumika. Miti nayo ilirudi Shinyanga, kutoka visiki vilevile vya chini ya ardhi, na ng'ombe wakiwapo.

Haina maana kwamba ngitili ingenakiliwa Kondoa kama ilivyo. Shinyanga ni tambarare; Irangi ni miteremko, na kwato kwenye mteremko mkali wenye udongo mkavu zinaleta madhara hata nyasi ikiwa imelala. Pengine sehemu zenye mwinuko mkali zingebaki zimefungwa moja kwa moja, za wastani zikafungwa msimu wa mvua, na mifugo ya msimu huo ikapunguzwa hadi ile inayoweza kulishwa kwa majani ya kukatwa na malisho ya tambarare. Swali gumu ni hilo la mwisho: mifugo itakuwa wapi kuanzia Desemba hadi Mei? Kijiji kisichokuwa na jibu lake hakina mpango wa malisho, hata kikipitisha sheria ndogo kumi. Jibu linaweza kuwa ardhi ya majani iliyotengwa kati ya mashamba, makubaliano na vijiji vya chini vilivyo na nafasi, au kuuza dume wasiohitajika baada ya mavuno wakiwa wamenona badala ya kuwasubiri waingie mvua.

Kwa vijiji vinavyosimamia vilima hivi sasa, na vingine vyenye hali kama hii, ningeanza na upimaji ambao mtu yeyote anaweza kuufanya. Chagua mstari mmoja kwenye kilima, weka alama ya jiwe mwanzo na mwisho. Tembea hatua mia moja, na kila hatua andika ncha ya kiatu imeangukia nini: shina la nyasi ya kudumu, nyasi ya msimu, mabaki ya majani, jiwe, au udongo mtupu. Fanya hivyo mvua zinapokwisha, na urudie Oktoba, kabla ya mvua mpya. Hesabu ya Oktoba ndiyo yenye uzito, kwa kuwa inaonyesha udongo utaipokea mvua ya kwanza ukiwa umevaa nini. Piga picha kutoka jiwe lilelile. Karatasi hizo zibandikwe ofisi ya kijiji, pale wenye ng'ombe wengi na wasio na ng'ombe wanapoweza kuzisoma pamoja, na tarehe ya kufunga na kufungua kilima ijadiliwe zikiwa mezani. Udongo mtupu ukiongezeka Oktoba mbili mfululizo ilhali mvua zilikuwa za kawaida, kilima hicho kinyimwe mifugo msimu wote unaofuata, na kamati iseme mapema mifugo hiyo itakwenda wapi.